Utalii na Kijiji: Mgeni Anaacha Nini?

(Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyofanywa Kondoa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali.)



Nimeombwa nizungumze juu ya utalii kama njia ya kuviendeleza vijiji vyetu, hasa vijiji vya sehemu ambazo mvua ni haba na mapato ni madogo. Nashukuru kwa heshima hiyo. Lakini kabla sijaendelea ni lazima niseme wazi kwamba mimi si mtaalamu wa mahoteli, wala sijapata kuongoza watalii. Mimi ni mtumishi kama ninyi. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukagua vitabu vya hesabu vya vijiji, na mengi nitakayosema nimeyaona katika vitabu hivyo zaidi kuliko mbugani.

Basi tuanze na hesabu. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii kutoka nje wapatao 1,527,000. Mwaka 2020, dunia ilipofunga milango yake kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wakashuka hadi kiasi cha 621,000. Mwaka 2024 walizidi 2,100,000. Hesabu hizi hutangazwa kwa furaha, na furaha hiyo ina haki yake, maana fedha za kigeni ndizo zinazonunua dawa, mafuta na mashine. Hata hivyo, idadi ya watu walioteremka kwenye ndege haimwambii kitu mkulima wa mtama wa Kolo au wa Pahi. Yeye ana swali lake moja, nalo ni jepesi kuliuliza na gumu kulijibu: mgeni aliyepita hapa kwetu ameacha nini?

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko wengi wetu tuliomo humu. Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, vijana wa TANU Youth League wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuliza gazetini kama utalii unaweza kwenda pamoja na siasa ya ujamaa na kujitegemea. Majibu yakafuata, na ubishi ukawa mkali. Baadhi ya maandishi yale yalikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1973. Waliopinga walisema kwamba fedha tunazopata kwa mgeni zinarudi kwao kununua vitu vya kumstarehesha mgeni huyo huyo, na kwamba watu waliotoka juzi tu katika kutawaliwa wasifundishwe tena kuinama. Waliotetea walisema kwamba nchi maskini inayohitaji fedha za kigeni haiwezi kuchagua sana mahali pa kuzipata.

Nimeusoma ubishi ule mara nyingi, na kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na la kweli la kusema. Lakini waliobishana walibishana hasa juu ya Taifa na juu ya hoteli. Kilichopata nafasi ndogo ni kijiji, yaani kijiji chenye mwenyekiti, na kisima, na zahanati isiyo na dari. Mimi nitazungumza juu ya hicho kilichopata nafasi ndogo.

Hebu tumfuate mgeni mmoja kwa siku moja. Amelala mjini. Asubuhi anaondoka kwa gari la kampuni, na ndani ya gari mna kisanduku cha chakula: kipande cha kuku, yai la kuchemsha, chungwa, keki, na chupa ya maji. Kuku yule amefugwa pembeni mwa mji, na yai limetoka huko huko. Saa tano anafika kijijini. Anaonyeshwa kilichomleta, liwe ni pango au maporomoko ya maji, anapiga picha, anakaa chini ya mti wa kijiji na kula chakula chake, anaulizia choo na kuambiwa hakuna, kisha saa saba anaondoka. Jioni ile tukifungua kitabu cha mapato cha kijiji tutakuta hakuna kilichoandikwa. Tukienda chini ya mti tutakuta kisanduku na chupa. Na kijiji chenyewe kina kuku mia tano!

Ndugu zangu, hapo hakuna aliyeiba. Kampuni imefanya kazi yake ya halali, dereva amefanya yake, mgeni amefurahi. Kijiji kimetembelewa, lakini hakikushiriki. Mtu akiniambia kwamba sehemu fulani imeendelea kwa sababu magari ya watalii yanapita kwa wingi, huwa namwuliza kama amepata kuona shamba lililoota kwa mawingu yaliyolipita juu tu.

Sasa tubadilishe mambo machache. Tuseme wageni ni kumi kwa juma, si zaidi, na kila mmoja analala kijijini usiku mmoja tu na kula milo mitatu. Hiyo ni milo thelathini. Milo thelathini ni kuku, ni mayai, ni unga, ni mboga za majani, ni asali, ni kuni zilizokatwa na mtu, ni maji yaliyochotwa na mtu, ni mashuka yaliyofuliwa na mtu. Kila kimoja katika hivyo kina mwenyewe hapa hapa kijijini, na aghalabu mwenyewe huyo ni mwanamke ambaye hana shamba la alizeti wala ng'ombe wa kuuza. Sikutia bei, maana bei hubadilika. Walimu wa hesabu wanaweza kuwapa wanafunzi wao kazi hiyo, watie bei za soko la juma hili, na jibu watakalolipata litawashangaza baba zao. Idadi ya wageni haikuongezeka hata kwa mmoja. Kilichobadilika ni mahali pa kulala na jungu la kupikia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalopenda tulikubali ni kwamba utalii wa kijijini ni kazi ya ukulima na ya jikoni kabla haujawa kazi ya kutangaza vivutio. Bwana Shamba anahusika nao kuliko mpiga picha.

Mambo haya si ndoto, maana katika nchi yetu yamekwisha kujaribiwa. Katikati ya miaka ya 1990, shirika la Kiholanzi la SNV pamoja na Bodi ya Utalii walianzisha mpango wa utalii wa utamaduni katika vijiji vya kaskazini. Mto wa Mbu ni mmojawapo. Mnaujua mji ule mdogo, uko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, karibu na lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara, kwenye barabara iendayo Ngorongoro. Kwa miaka mingi magari yalikuwa yakiupita tu, au yakisimama dakika kumi ili abiria wanunue vinyago. Hapakuwa na simba pale wala mlima wenye theluji. Palikuwa na migomba, mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa mifereji, wachonga vinyago, wasukaji wa mikeka, na watu wa makabila mengi waliohamia kutoka kila pembe ya nchi kufuata maji. Mpango ule ulichukua hayo maisha ya kawaida na kuyafanya safari ya nusu siku kwa miguu au kwa baiskeli, pamoja na chakula cha mchana kilichopikwa na akina mama wa pale pale. Vijana wa mahali wakawa waongozaji. Malipo ya mgeni yaligawanywa mafungu, na fungu moja likawekwa kwa ajili ya maendeleo ya kijiji.

Au chukueni kijiji cha Mulala, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Huko kundi la akina mama lilijulikana kwa kutengeneza jibini na kumwonyesha mgeni jinsi linavyotengenezwa. Mgeni anakuja kutazama, anaonja, ananunua. Akikosa kuja, jibini linauzwa mjini. Hilo la mwisho msilipite haraka, maana nitalirudia: kazi ya akina mama wale ilikuwa na soko hata siku ambayo mtalii hakutokea.

Upo pia utaratibu mwingine, ambao mgeni halali kijijini lakini kijiji kinalipwa kwa kutunza ardhi. Katika kijiji cha Terrat, wilaya ya Simanjiro, makampuni kadhaa ya utalii yalipatana na kijiji mwaka 2005 kwamba yatakilipa kila mwaka ili sehemu ya uwanda wake isilimwe. Ng'ombe wanaendelea kuchunga humo, na nyumbu na pundamilia wanaotoka Tarangire wakati wa mvua wanapata mahali pa kuzalia. Karibu zaidi nasi, katika wilaya ya Babati, kuna Jumuiya ya Hifadhi ya Burunge, mojawapo ya jumuiya za wanyamapori zilizoundwa na vijiji baada ya Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 na kanuni za mwaka 2002. Kanuni zile zilitaka angalau nusu ya mapato ya jumuiya yaende kwenye vijiji wanachama. Sisemi kwamba huko hakuna manung'uniko. Tembo hajui mpaka wa jumuiya, na mtu aliyeliwa mahindi yake usiku hapozwi kwa kuambiwa kwamba kijiji kimepata dawati. Lakini angalau pana mkataba, na mkataba unaweza kusomwa, kuhojiwa na kubadilishwa.

Hapa ndipo penye kazi yetu, Ndugu Watumishi, na hapa nataka nikae kidogo.

Nilipata kukagua hesabu za kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Kilikuwa kikipokea wageni wachache kwa mwezi, na ada ya maendeleo ya kijiji ilikuwa ikipokelewa na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, ambaye aliiandika katika daftari la shule. Baada ya miaka mitatu kukawa na kelele. Watu walisema kijana amekula fedha. Walioneshana baiskeli yake mpya. Katika mkutano mmoja wa hadhara mpango wote ukapigwa marufuku, kijana akafukuzwa, na kampuni iliyokuwa ikileta wageni ikapelekwa ujumbe kwamba isirudi tena. Mimi nilitumwa baadaye kutazama upotevu ulikuwa kiasi gani. Nililipitia daftari lile ukurasa kwa ukurasa kwa siku mbili. Hakukuwa na upotevu. Shilingi zote zilikuwa na maelezo yake: madawati, misumari, bati za nyumba ya mwalimu, na posho ya fundi. Madawati nilikuwa nimeyakalia mimi mwenyewe asubuhi ile. Na baiskeli alikuwa ameinunua kwa fungu lake la kuongoza wageni, ambalo ni haki yake.

Kosa lilikuwa nini, basi? Kosa ni kwamba katika miaka mitatu ile hesabu haikusomwa mbele ya wananchi hata mara moja. Mtendaji wa Kijiji alidhani fedha za wageni ni jambo la kijana na wazungu wake, haliingii katika kitabu cha kijiji. Mwalimu Mkuu alipokea madawati akashukuru, lakini hakuuliza yametoka fungu gani wala hakuwaambia wazazi. Kila mmoja alikuwa mwaminifu, na mpango ukafa. Nimeona mipango iliyouawa na wezi. Ile iliyouawa na ukimya ni mingi zaidi, na inaniuma zaidi.

Sheria haikutuacha gizani. Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 1982 imeuweka Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa chombo chenye kauli ya mwisho katika mambo ya kijiji, na utaratibu wetu ni kwamba mkutano huo unaitishwa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote. Maana yake ni kwamba akija mtu na karatasi yake nzuri iliyopigwa chapa, akitaka eneo la kujenga kambi ya mahema, Mwenyekiti hana mamlaka ya kuitia sahihi kwenye boneti ya gari. Sijachekesha, nimeona sahihi zilizotiwa kwenye boneti ya gari. Na mara nyingi karatasi yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani. Katika kijiji, ni nani anayeweza kuisoma karatasi hiyo na kuwaeleza wenzake kwa Kiswahili kabla muhuri haujagonga? Ni mwalimu. Pengine hana ujuzi wa sheria, lakini anaweza kuuliza maswali manne ambayo mtoto wa darasa la saba angeyauliza: mkataba ni wa miaka mingapi, tunalipwa kwa kila kichwa au kwa mwaka, maji na malisho yanabaki ya nani, na wakiondoka jengo ni la nani?

Nimewataja walimu, basi niseme na jambo moja ambalo halitawapendeza. Shule zetu zimeanza kugeuzwa mahali pa maonyesho. Gari linasimama, mgeni anataka kuona watoto, somo la hesabu linakatizwa, watoto wanapangwa mstari, wanaimba, wanapigwa picha, wanagawiwa kalamu na peremende. Mwalimu anafanya hivyo kwa moyo mzuri, akitumaini kwamba mgeni ataguswa na kujenga choo. Pengine ataguswa. Lakini mtoto amejifunza siku ile kwamba umaskini wake ni kitu cha kuonyesha, na kwamba ukimkimbilia mzungu utapata peremende. Kesho yake atakuwa barabarani, si darasani. Vijana wale wa mwaka 1970 walihofia kuinama kwa watumishi wa hoteli. Sidhani walifikiria kwamba kuinama kungeanzia darasa la pili. Mgeni anayetaka kuisaidia shule apelekwe ofisini, aandikwe katika kitabu cha wageni, mchango wake ukatiwe stakabadhi, na shule atembezwe baada ya masomo.

Sasa nije hapa tulipo. Tunajua wote kwamba barabara ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa ilikamilika kwa lami na kufunguliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo safari ilikuwa mateso, na mtu wa Kolo wakati wa masika alikuwa mbali na Dodoma kuliko mtu wa Dar es Salaam. Lami imeleta heri nyingi. Lakini lami ni rafiki wa mtu anayetaka kupita. Zamani mgeni alilala Kondoa kwa sababu gari lilikwama. Leo anaweza kunywa chai Arusha na kula chakula cha jioni Dodoma. Akisimama Kondoa itakuwa ni kwa sababu ametaka.

Na sababu ya kusimama ipo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Imesambaa katika eneo la zaidi ya kilometa za mraba 2,300 kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na mapango na miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mary Leakey aliikalia kazi ya kuinakili mwaka 1951, na nakala zake zikachapishwa kitabuni mwaka 1983. Iko michoro myekundu, ya watu warefu wembamba wenye nywele za ajabu, ya twiga, tembo na pofu, inayosadikiwa kuwa kazi ya wawindaji wa kale. Na iko myeupe, iliyokuja baadaye na wakulima na wafugaji. Kwa uchache desturi hiyo ya kuchora ilidumu miaka elfu mbili. Watoto wangapi wa shule zetu za msingi wamekwisha kupelekwa kuiona? Siulizi kwa kulaumu. Nauliza kwa sababu mtoto ambaye hajaiona hatakuwa mwongozaji wake kesho, na kazi hiyo itachukuliwa na kijana atakayeletwa na gari kutoka mjini.

Tena michoro ile si mali ya jumba la makumbusho ambalo wenyewe walikwisha kufa. Pale Mungomi wa Kolo wazee bado wanapanda kufanya matambiko ya mvua na ya uganga. Wataalamu wa mambo ya kale wamepata kulalamika kwamba pombe inayomwagwa katika matambiko inaharibu michoro. Wazee nao wana lao: kwamba mahali ni patakatifu pao tangu kabla ya ofisi kujengwa. Pamekuwako pia watu waliochimba ovyo mle mapangoni wakitafuta mali waliyoambiwa ilifichwa na Wajerumani. Mimi naona kwamba mzee anayepanda kuomba mvua na mchimbaji wa dhahabu ya hadithini wasihesabiwe kuwa adui wa aina moja. Mzee ni mlinzi. Akikaribishwa katika kamati, akasikilizwa mahali gani pa kupita wageni na siku gani pasipitwe, atailinda michoro kuliko mlinzi mwenye bunduki. Akifukuzwa, hatakuwa na sababu ya kumzuia mchimbaji.

Watu wa Kondoa wana sababu ya kuuliza mapema. Ardhi hii iliwahi kuliwa na makorongo hata picha zake zikawa mfano wa maangamizi ya udongo. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa itoke katika eneo lililoharibika la milima ya Irangi. Udongo ulipumzika, majani yakaota, na leo anayepita barabarani anasifu ukijani. Lakini gharama ya ukijani ule ililipwa na mwenye ng'ombe, aliyewahamisha au kuwauza, na watoto waliokosa maziwa miaka ile. Kwa hiyo mzee wa Kirangi akiambiwa leo kwamba sehemu nyingine ihifadhiwe kwa ajili ya wageni, si ukaidi akiuliza safari hii nani atalipa na nani atalipwa. Swali lake lijibiwe kwa hesabu.

Kuhusu hesabu hiyo, tusidanganyane. Vituo vya mambo ya kale vinasimamiwa na Taifa, na kiingilio cha mgeni kinakwenda mahali sheria inapokielekeza. Kijiji kikikaa kusubiri kiingilio kitasubiri sana. Mali ya kijiji ni yale yaliyoko nje ya geti: chakula, malazi, asali ya misitu yetu, kuku, vikapu, baiskeli za kukodi, na saa tatu za kutembea milimani na mtu anayejua jina la kila mti kwa Kirangi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna anayeweza kuiuza isipokuwa sisi.

Wala nisieleweke kwamba nawaambia watu watupe majembe. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, watalii waliokuwa wakiingilia Nairobi walikatika, na mahoteli ya kaskazini yakabaki matupu. Mwaka 2020 nimekwisha kuwatajia. Kijiji kilichoacha kulima kikawa kinaishi kwa mgeni kingefanya nini miezi ile? Akina mama wa jibini wanatuonyesha njia: kuku, asali na unga wa mtama vina mlaji siku zote, na mgeni ni mlaji mmoja aliyeongezeka, mwenye bei nzuri kidogo. Akichelewa, tunakula wenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, nimeletewa kikaratasi na Mwalimu mmoja aliyeketi nyuma. Anauliza: shule yake iko kilometa nne kutoka barabara kuu, hakuna mfadhili, hakuna fedha; aanze na nini? Namjibu hivi. Jumamosi moja, Mwalimu, awachukue watoto wa darasa la sita na mzee mmoja, wapande kwenye mapango yaliyo karibu, waandike katika daftari wanachokiona na anachokisema mzee. Juma linalofuata waandike orodha ya nyumba zenye kitanda cha ziada, zenye kuku zaidi ya kumi, na zenye choo kizuri. Choo, Ndugu zangu, ndicho kitu cha kwanza mgeni atakachoulizia. Kisha orodha hiyo ampelekee Mtendaji, isomwe kwenye Mkutano Mkuu ujao kama ajenda kamili, si katika mengineyo. Daftari na kalamu anavyo. Kama ana swali la pili, nimebakiwa na robo saa.